Ruzuku kwa kwacha, gharama kwa dola: Fedha za Mfuko wa Jimbo zinavyofika ufuoni mwa Ziwa Mweru

Nchelenge, Zambia. Mchuuzi wa samaki kwenye ufuo wa Ziwa Mweru hupanga bei ya gunia moja tu, lake. Bei nyingine zote hupangiwa mbali naye. Petroli ya injini ya boti hupangwa Lusaka, dola hupanda na kushuka kwa habari za shaba, nauli ya lori huamuliwa na mwenye lori, na mnunuzi wa Lubumbashi huja na bei yake mfukoni. Katikati ya bei hizo zote kuna fedha ya serikali isiyodai kurejeshwa, nayo ni ruzuku inayotoka katika Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, ambao watu wa huku wanauita kwa herufi zake tatu, CDF.

Fedha hiyo ipo, na imekua sana tangu 2022. Lakini iliandikwa kwa ajili ya mtu anayekaa mahali pamoja: mfugaji wa kuku, fundi cherehani, kikundi cha bustani. Mchuuzi anayevuka maji au mpaka ana kazi ya ziada. Lazima aipate bila kuacha safari zake, na akishaipata aitumie kabla bei hazijaila.

Ufuo huu na biashara yake

Wilaya ya Nchelenge iko katika Mkoa wa Luapula, upande wa mashariki wa ziwa. Kashikishi ndilo soko kubwa la samaki na karibu limeungana na mji wa Nchelenge. Ukifuata ufuo unakutana na makazi ya wavuvi kama Kafutuma, na mialo ambayo jina lake unalijua tu kama una mtu wako pale. Ndani ya maji kuna visiwa vya Kilwa na Isokwe, vyote vya Zambia. Ng'ambo ni Kongo: mji wa Kilwa, kisha Pweto kaskazini, mahali mto Luvua unapotoka ziwani, na Kasenga kusini ukipanda mto Luapula. Msomaji wa Dar es Salaam asichanganye: hapa kuna Kilwa mbili zinazotazamana, kisiwa cha Zambia na mji wa Kongo, wala hakuna kati yake iliyo Kilwa ya Lindi.

Biashara ya samaki wa Mweru ni ya tangu enzi za ukoloni. Migodi ya Katanga ilipoanza kula watu kwa maelfu, samaki wa Mweru na Luapula ndio waliowalisha wafanyakazi wake, na kwa miaka mingi wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga walikuwa wakipakia samaki kwenda Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Samaki mkubwa wa enzi hizo, mpumbu, alivuliwa hadi akakaribia kutoweka. Aliyebaki kuwa tegemeo ni pale, aina ya sato, na tangu miaka ya 1970 na 1980 amekuja chisense, samaki mdogo wa fedha ambaye Mtanzania angemwita dagaa na Mkongo ndagala bila kubishana.

Chisense ndiye aliyewafungulia wanawake mlango. Pale hutaka nyavu, mtumbwi mzuri na barafu, kwa hiyo hutaka mtaji. Chisense huvuliwa usiku kwa taa, huanikwa juani, hupimwa kwa meda, hutiwa kwenye gunia na hukaa wiki kadhaa bila friza. Mama mwenye mtaji wa meda kumi anaweza kuanza. Kutoka Kashikishi gunia husafiri kwa basi au lori hadi Mansa, huvuka daraja la Chembe lililofunguliwa 2008, hupita barabara ya Pedicle iliyo ndani ya ardhi ya Kongo kwa kilomita kama 70, hutokea Mokambo na kuingia Mufulira kwenye Ukanda wa Shaba. Kutoka hapo sehemu yake huenda Kasumbalesa na kuvuka tena. Mchuuzi wa Nchelenge huweza kuingia Kongo mara mbili katika safari moja bila kufika mahali alipokusudia kuuza.

Kilichopanda

Zambia ilipoacha kulipa madeni yake ya nje Novemba 2020, wengi ufuoni hawakuliona kama jambo lao. Lilikuja kuwa lao kupitia mafuta. Ruzuku ya petroli ilipoondolewa, Bodi ya Udhibiti wa Nishati ikaanza mwaka 2022 kupitia bei kila mwezi. Tangu hapo mwenye boti hawezi kuahidi nauli ya mwezi ujao, na mchuuzi hawezi kumwahidi mteja wake wa Kilwa bei ya mzigo ujao.

Kisha ikaja kwacha. Katikati ya 2023 dola ilikuwa chini ya kwacha 20. Mwisho wa 2024 ilikaribia 28. Taa, betri, nyuzi za nyavu, magunia ya plastiki na vipuri vya injini huletwa kutoka nje, na mwenye duka huzipandisha bei siku dola inapopanda. Inaposhuka, hana haraka. Mfumuko wa bei wa mwaka ulifika asilimia 16.7 Desemba 2024.

Ukame wa msimu wa 2023/2024, ambao Rais Hakainde Hichilema aliutangaza kuwa janga la taifa tarehe 29 Februari 2024, uliipiga zaidi kusini ya nchi. Lakini maji ya bwawa la Kariba yalipopungua mno, umeme ulikatwa nchi nzima, na kwa kipindi fulani mgawo ulizidi saa 17 kwa siku. Kwa muuza pale wabichi, umeme maana yake ni barafu. Bila barafu samaki wa asubuhi huuzwa kwa bei ya jioni, kwa mtu wa kwanza aliyesimama mbele yako. Na mahindi yalipopanda bei, aliyekuwa akinunua samaki kila siku akaanza kununua siku mbili kwa wiki.

Mtaji unapopungua, ufuoni kuna njia mbili za zamani. Ya kwanza ni chilimba, mchezo wa kupeana zamu ambao Mkongo anauita likelemba na Mtanzania upatu. Ya pili ni kaloba, mkopeshaji wa mtaani. Kaloba hakuulizi hati wala kikundi. Anakuuliza simu yako iko wapi na anaishika. Riba ya asilimia 50 kwa mwezi si jambo la kushangaza kwake. Anayechukua kwacha 1,000 mwanzo wa mwezi atarudisha 1,500, na gunia la chisense lenye faida ya namna hiyo kila mwezi ni adimu.

Fungu lenyewe

Hadi 2021 kila jimbo la uchaguzi nchini Zambia lilipata kwacha milioni 1.6 kwa mwaka kutoka Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo. Bajeti ya 2022 ilipandisha kiasi hicho hadi milioni 25.7. Mwaka 2023 ikawa 28.3, mwaka 2024 ikawa 30.6, na 2025 ikafika 36.1. Majimbo yalikuwa 156, na Nchelenge ni mojawapo.

Kwa mgawanyo uliowekwa 2022, asilimia 60 ya fedha huenda kwenye miradi ya jamii: madarasa, zahanati, visima, madaraja madogo. Asilimia 20 hulipia ada za wanafunzi wa bweni na mafunzo ya ufundi. Asilimia 20 iliyobaki ni ya kuwezesha vijana, wanawake na jamii, nayo hugawanywa tena mara mbili: asilimia 60 mikopo nafuu, asilimia 40 ruzuku.

Ukichukua milioni 36.1 za mwaka 2025, uwezeshaji unapata milioni 7.22, na ruzuku ndani yake karibu milioni 2.9. Tuseme kila kikundi kipewe kwacha 50,000. Hivyo ni vikundi 57. Kila kikundi kikiwa na watu kumi, ni watu 570, katika wilaya ambayo sensa ya 2010 ilihesabu watu zaidi ya 150,000, na wameongezeka tangu hapo. Hesabu hii si ya kuvunja moyo, bali ya kuonyesha kwamba ruzuku ni foleni, na anayesubiri kuletewa habari atakuwa mwisho wake.

Kuna hesabu ya pili ambayo wachuuzi wa mpakani wataielewa haraka kuliko maofisa, kwa sababu wao hufikiri kwa dola. Katikati ya 2022 dola ilikuwa takriban kwacha 17, na milioni 25.7 zilikuwa sawa na dola milioni 1.5. Mwanzo wa 2025, kwa dola ya kwacha 28, milioni 36.1 zilikuwa kama dola milioni 1.3. Fungu lilikuwa limeongezeka kwa asilimia 40 kwenye karatasi, na limepungua kwenye duka la betri. Kwacha ilipata nguvu baadaye mwaka huo, na sehemu ya pengo ikazibika, ila aliyepokea fedha Januari hakuweza kusubiri Septemba.

Fomu, kata na muhuri

Ruzuku haiombwi Lusaka. Fomu hutoka halmashauri na kwenye kata, huwasilishwa kwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na hiyo huzipitia na kuzipeleka kwenye kamati ya jimbo. Sheria ya Mfuko ya 2018, na ile iliyochukua nafasi yake mwaka 2024, zimekusudia watu wa mahali wajichagulie. Hilo ni jema. Lakini lina maana moja ambayo mchuuzi asiisahau: wanaochagua ni majirani, na majirani humpitisha wanayemwona.

Hapo ndipo anayevuka anapoteza. Mama anayekwenda Kilwa ya Kongo Jumatatu na kurudi Alhamisi, au anayekaa wiki mbili Kasumbalesa akiuza magunia yake, hayupo siku ya mkutano wa kata. Hayupo siku maofisa wa maendeleo ya jamii wanapokuja kukagua kikundi. Jina lake limo kwenye daftari, lakini yeye mwenyewe haonekani, na kikundi chenye wanachama wasioonekana hudhaniwa kuwa cha kuundwa kwa ajili ya fomu. Mara nyingine ni kweli, jambo linalowaumiza wale ambao si kweli kwao.

Vikundi vya wachuuzi vinavyoweza kufaulu ni vile ambavyo tayari vipo kwa sababu nyingine. Chilimba ni kikundi: kina wanachama, kina mweka hazina, kina siku ya kukutana, na kina historia ya watu kulipana. Kinachokosekana ni karatasi: usajili, katiba ya kurasa chache, akaunti ya benki yenye watia saini, na vitambulisho vya taifa vya wanachama. Kikundi cha watu kumi chenye wawili wanaobaki ufuoni kwa zamu, wakati wanane wako safarini, huwa na mtu wa kujibu afisa anapobisha. Daftari la michango la miaka miwili huwa na uzito kuliko andiko la mradi lililochapwa vizuri na kijana wa duka la fotokopi, ambaye kwa kazi hiyo hulipwa fedha ambazo kikundi kingeweza kununulia magunia.

Kitambulisho kinahitaji neno lake. Kwenye ufuo huu familia moja huwa na watu pande zote mbili, na shemeji wa Kilwa ya Kongo ni mshirika wa biashara kuliko jirani wa Mansa. Pia kuna Wakongo waliokimbia mapigano ya 2017 na kupokewa, wengi wao wakikaa katika makazi ya Mantapala yaliyofunguliwa wilayani Nchelenge 2018; baadhi ni wachuuzi hodari. Fedha za jimbo ni za wananchi wa jimbo. Mshirika wa ng'ambo anaweza kuleta mteja, mashua na bei nzuri, lakini jina lake kwenye fomu litaichelewesha, na kulificha kutaleta ugomvi siku ya kugawana. Ni afadhali makubaliano naye yabaki ya kibiashara, kwa gunia na kwa safari.

Mkopo wa Mfuko ni jambo jingine. Una riba ndogo kuliko ya kaloba kwa mbali, na fungu lake ni kubwa kuliko la ruzuku. Ila ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Zambia zimekuwa zikitaja mikopo ya Mfuko isiyorejeshwa katika halmashauri mbalimbali, na kila deni la jirani lisilolipwa huwafanya wakopeshaji wawe wagumu kwa anayefuata. Wapo waliodhani mkopo ni ruzuku kwa sababu vyote viwili vilitangazwa kwenye mkutano mmoja, na mgombea mmoja au mwingine. Anayetia saini aulize neno moja tu, "kurejesha", liko kwenye karatasi yake au halipo.

Miezi mitatu ya ziwa lililofungwa

Kalenda ya ufuo haifanani na kalenda ya bajeti. Uvuvi hufungwa kila mwaka kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Ni miezi ya mvua, ya ada za shule, na ya njaa. Mchuuzi aliyeweka magunia ya kutosha Novemba huyauza kwa bei nzuri Januari. Asiyeweka hula mtaji wake.

Fedha za serikali nazo zina misimu yake. Mwaka 2022, fungu lilipopanda mara kumi na sita kwa mkupuo mmoja, halmashauri nyingi hazikuwa na watu wala taratibu za kulitumia, na sehemu kubwa ilivuka mwaka bila kugawanywa. Mambo yameboreka, lakini bado kuna miezi kati ya fomu na fedha. Andiko lililopiga hesabu ya betri kwa bei ya Machi hulipwa kwa bei hiyo hiyo Novemba. Kikundi kilichoomba taa nane hununua sita.

Ruzuku ikifika Aprili, chisense yupo, jua linakaribia, na fedha huzunguka. Ikifika katikati ya Desemba, inakuta nyumba ambazo hazina biashara na zina watoto wa kupeleka shule. Hakuna mwongozo unaoweza kumzuia mama kununua unga, wala haifai kumlaumu. Halmashauri za ufuo wa ziwa, Nchelenge na jirani zake, zingeweza kupanga malipo ya vikundi vya samaki yafanyike Machi hadi Septemba bila kuongeza hata ngwee moja kwenye bajeti. Hilo ni ombi ambalo vikundi vinaweza kulipeleka kwa diwani bila kusubiri Lusaka.

Kitu cha kununua

Chukua mfano wa kikundi cha wanawake kumi kilichopata kwacha 40,000. Njia rahisi ni kugawana 4,000 kila mmoja na kuongeza kwenye mtaji wa samaki. Kwa dola ya 28 hiyo ni kama dola 140 kwa mtu. Safari ya kwanza ni nzuri. Ya pili nauli imepanda. Ya tatu mzigo umelowa na mvua kwenye lori na kuuzwa nusu bei. Baada ya miezi sita hakuna anayeweza kuonyesha ruzuku ilipo, na kamati ya kata ikija kukagua inakuta watu kumi wenye maelezo kumi.

Njia ya pili ni kununua kitu kinachopunguza gharama kila siku, bei ikipanda au isipopanda. Kwa chisense kitu hicho kinajulikana: chanja. Samaki anayeanikwa mchangani hushika mchanga, huliwa na kuku na mbuzi, na mvua ikinyesha usiku mmoja gunia zima huwa chakula cha bata. Chanja za miti na wavu, zilizoinuliwa kiunoni, hupitisha hewa juu na chini. Samaki hukauka haraka, hubaki mweupe, na mvua ikitisha hufunikwa kwa turubai. Nchini Burundi, kwenye Ziwa Tanganyika, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia wakaushaji ndagala kuhamia kwenye chanja, na upotevu ukapungua na bei ikapanda. Wachuuzi wa Kigoma nao wanajua tofauti ya bei kati ya dagaa wa mchangani na wa chanja. Mnunuzi wa Lubumbashi anaijua vilevile, hata kama haitaji mpaka anapotaka kukushusha bei.

Miti inapatikana, fundi yupo kijijini, na fedha ya kigeni inayohitajika ni ya wavu na turubai tu. Ndiyo sababu chanja hustahimili kupanda kwa dola kuliko injini ya boti. Injini huvutia kwenye fomu, lakini hula petroli kila safari na kipuri chake kimoja hungoja mtu anayetoka Lusaka. Taa za sola na betri kwa wavuvi wa usiku zina hesabu nzuri kwa sababu zinaondoa mafuta ya taa na betri za kutupa, mradi zinunuliwe zenye dhamana. Friza ya umeme wa gridi, baada ya yaliyotokea 2024, ni kamari.

Na magunia. Hakuna anayeomba ruzuku ya ghala la magunia, lakini kikundi chenye chumba kikavu na mizani yake kinaweza kukusanya mzigo wa Oktoba na Novemba, kukodi lori moja badala ya kulipia nafasi kumi kwenye mabasi, na kuuza Januari. Nauli ya gunia hushuka siku mnapokuwa wengi. Hilo chilimba limelijua siku zote kwenye fedha. Kwenye mizigo bado.

Wenzao wa nchi nyingine

Wasomaji wa Tunduma, Kigoma au Malaba watauliza kwao kuna nini. Tanzania ina asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni mikopo isiyo na riba, ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Uganda ina Mpango wa Maendeleo wa Parokia ulioanzishwa Februari 2022, wa shilingi milioni 100 kwa kila parokia kwa mwaka, mkopo wa riba ya asilimia 6. Kenya ina Hazina ya Hustler ya Novemba 2022, inayokopesha kwa simu. Zote hizo hurejeshwa. Zambia ndiyo iliyoweka kando fungu la kutoa moja kwa moja, na kwa mtu ambaye mtaji wake umekwisha, tofauti hiyo ni kubwa. Udhaifu wake ni udogo wa fungu, na kwamba linategemea kamati kuliko mashine. Simu ya Kenya haijali kama ulihudhuria mkutano.

Hakuna hata mmoja kati ya mipango hiyo uliofikiria mpaka. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, Zambia haimo. Zote mbili zimo katika COMESA na SADC. Mpango wa COMESA na Umoja wa Ulaya wa kuwasaidia wafanyabiashara wadogo wa mipakani, wa euro milioni 15, ulitiwa saini 2018 na kulenga vituo vitano vya nchi kavu, Kasumbalesa na Tunduma/Nakonde vikiwemo. Mialo ya Mweru haikuwemo. Mwenye boti anayevuka kutoka Kashikishi hana dawati la kumweleza ushuru upi ni halali na upi umeanza asubuhi hiyo.

Na kuna gharama ambayo ruzuku yoyote haifiki. Agosti 2024, baada ya Kongo kuzuia bia na vinywaji baridi kutoka nje na madereva kuandamana Kasumbalesa, Zambia ilifunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache. Kwa kampuni za shaba ilikuwa habari ya malori kwenye foleni. Kwa mwenye magunia sita ya chisense yaliyokuwa njiani kwenda Mokambo, siku chache ni chumba cha kulala, chakula, mlinzi wa mzigo na mnunuzi aliyechoka kusubiri. Kikundi kilichokuwa na chumba kikavu Nchelenge kiliweza kusema mzigo usitoke. Aliyekuwa na magunia yake barabarani aliuza Mufulira kwa bei aliyopewa.